List na List, mbona zinakataana?

SWALI: Mambo mshauri. Nina projekti ya zamani ya Java, sasa nimeanza kuiongezea vitu kwa Scala 2.13. Kuna methodi ya Java inanirudishia List ya Integer, na funksheni yangu ya Scala inataka List[Int]. Nikiziunganisha kompaila (programu inayokagua na kutafsiri kodi) inagoma, inasema aina hazilingani: type mismatch; found: java.util.List[Integer], required: List[Int]. Nimekesha nayo! Si zote ni List jamani? Na mbona Integer mojamoja inaingia kwenye Int bila shida?

JIBU: Poa ndugu yangu, pole kwa kukesha. Hizo ni mtu na somo yake, wamechangia jina ila ukoo mbalimbali. Ya Java ni java.util.List, ya Scala ni scala.collection.immutable.List, hiyo ikishaundwa haiongezwi wala haipunguzwi kitu. Kompaila haiangalii jina fupi.

Sasa Integer mojamoja inapita kwa sababu Scala ina ubadilishaji wa kimyakimya, inakutolea int iliyomo ndani bila kukuuliza, lakini huo unafanya kazi kwa thamani moja moja tu, haufungui List nzima kuzipitia zote, hiyo kazi ni yako mwenyewe.

Juu ya faili weka import scala.jdk.CollectionConverters._ halafu andika hivi (orodha ni ile List ya Java):

orodha.asScala.map(_.intValue).toList

Usiiache hiyo toList ya mwisho! Wengi wanaishia kwenye asScala wakidhani wamemaliza, kumbe asScala inakupa Buffer (orodha ya Scala inayobadilika), sio List, basi wanapata type mismatch ya pili na kuanza kulaani lugha. Tena asScala yenyewe hainakili kitu, ni kama dirisha tu la kuchungulia list ileile, kwahiyo Java wakibadilisha huko na wewe unaona huku. map na toList ndo zinakupa nakala yako.

Kurudi Java ni namba.map(Int.box).asJava (namba ni List yako ya Scala, Int.box inageuza Int kuwa Integer). Ukisahau Int.box utagomewa tena, ila hapo angalau kompaila inakuambia mapema. Kinachouma ni kwamba Java wakijaribu add kwenye hiyo list uliyowapa, kompaila inanyamaza, halafu programu inakuja kulipuka na UnsupportedOperationException wakati inakimbia. Wakitaka ya kuongeza vitu, waiweke kwanza ndani ya new ArrayList.

Mifano yenye JavaConversions achana nayo, 2.13 imeshaiondoa. Mimi sijaililia, ilikuwa inabadilisha vitu kichinichini mpaka hujui umeshika List ya nani.

Ah, na kama ndani ya list ya Java kuna null (nafasi isiyo na thamani), hiyo intValue itakurushia NullPointerException. Tumia flatMap(x => Option(x)) kabla ya map, null zote zinadondoka. Iwe Option(x), sio Some(x), maana Some inaibeba null kama ilivyo.