Emma Hamilton analia mara mbili: kusoma kilio katika vibonzo vya kale vya Uingereza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchora vibonzo, ninajifunza peke yangu. Nimepakua picha mbili za Mwingereza wa zamani, James Gillray. Katika ya kwanza kuna mwanamke mnene sana ameinuka kitandani analia, mikono ameitapanya. Katika ya pili Admirali Nelson anakata roho mikononi mwa mwanamke mwenye majonzi. Ninaambiwa ya kwanza inamcheka anayelia na ya pili ni ya heshima. Basi nikakata vichwa vya wanawake wale wawili kwenye kompyuta, nikaviweka pamoja. Mbona vinafanana? Mnatofautishaje kilio cha kweli na kilio cha mzaha, na je, kuna kanuni ya kukichora?

JIBU: Marahaba. Vinafanana kwa sababu ni mtu mmoja.

Huyo mwanamke mnene ni Emma Hamilton, mke wa Sir William Hamilton aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Naples, na mpenzi wa Nelson. Picha hiyo ilitoka tarehe 6 Februari 1801 chini ya jina la Dido aliyekata tamaa. Dido ni yule malkia wa Carthage katika utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi, ambaye mpenzi wake Aeneas alimwacha akapanda merikebu zake. Mwanamke wa picha ya pili ni Britannia, yaani Uingereza yenyewe katika umbo la mwanamke, na wachambuzi wamekwisha kuona tangu zamani kwamba Gillray alimpa sura ya Emma. Hiyo ilitoka tarehe 23 Desemba 1805, miezi miwili baada ya Nelson kuuawa katika vita vya baharini vya Trafalgar. Kwa hiyo aliyekwambia ya pili ni heshima tupu amekupa nusu ya habari. Tutairudia.

Kwanza habari ya nyuso. Umetafuta tofauti mahali ambapo haipo. Gillray aliingia shule ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1778, na wachoraji wa enzi yake walifundishwa huzuni kama sisi tulivyofundishwa kuandika herufi. Mfaransa Charles Le Brun aliacha mafunzo yaliyochapwa baada ya kufa kwake, mwaka 1698, yakionyesha kila hisia na uso wake. Katika huzuni, nyusi hupanda upande wa katikati ya paji, pembe za mdomo hushuka, kichwa huinama au hulala begani. Mchoraji wa picha za kanisani aliitumia fomula hiyo, na mchora vibonzo pia. Mzaha haukuwa na uso wake wa kulilia. Ulikuwa lazima uazime ule wa msiba wa kweli, la sivyo mnunuzi asingejua kwamba mtu analia.

Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi: uso usomeni mwisho. Anzeni na vitu.

Rudi kwenye picha ya Dido uitazame kana kwamba Emma hayumo. Dirisha liko wazi na kwa mbali merikebu za kivita zinatweka. Kitandani mume mzee amelala fofofo. Sakafuni zimezagaa sanamu na vikorokoro vya kale, kwa kuwa Sir William alikuwa mkusanyaji mashuhuri. Makumbusho ya Uingereza yalinunua vyungu vyake vya kale mwaka 1772. Kuna kitabu kimefunguliwa, kinaonyesha mwanamke uchi katika pozi. Hilo ni dongo. Huko Naples, Emma alipata jina kwa kuwachezea wageni wa mumewe maonyesho ya kimya, akijipanga mwilini kama sanamu za Kigiriki na Kirumi, shali yake ikiwa ndiyo pazia na vazi. Na kuna kamba ya kufungia soksi yenye maneno ya kumtaja shujaa wa Mto Nile, ambaye ni Nelson baada ya ushindi wake wa 1798.

Sasa mrudishe Emma. Mikono ile iliyotapanywa si ya kilio tu, ni pozi. Gillray anatuambia kwamba mama huyu hata akilia anacheza mchezo wake wa sanamu, isipokuwa sasa mwili umenenepa na watazamaji wamebaki mmoja, naye amelala.

Chini ya picha kuna ubeti. Emma anauliza baharia wake kaenda wapi, anajijibu kwamba kaenda kupigana na Wafaransa, kaenda kupoteza mkono wa pili na jicho la pili, na yeye kaachwa na vitu vya kale. Nelson alipoteza nuru ya jicho la kulia Corsica mwaka 1794 na mkono wa kulia Tenerife mwaka 1797, na kila mtu London alilijua hilo. Ubeti wenyewe unafuata wimbo uliokuwa ukivuma siku hizo, kwa hiyo mnunuzi aliweza kuuimba pale pale mbele ya dirisha la duka. Na hivyo vitu vya kale alivyoachwa navyo? Mume ni kimojawapo.

Hapa nikiri kitu. Picha hii inanichekesha, kisha inaniudhi. Mwishoni mwa Januari 1801, siku chache kabla haijatoka, Emma alikuwa amejifungua kwa siri binti wa Nelson, Horatia. Mama mzazi wa siku chache, mwenzake baharini, hawezi hata kumlilia mbele ya watu. Sisi tungesema makiwa. Huzuni yenyewe haikuwa ya uongo hata kidogo. Gillray hakusema kwamba Emma halii kweli. Alisema kwamba kilio chake hakina haki ya kusikika. Hiyo ndiyo dhihaka ya aina ya kwanza, na kwa mchoraji ndiyo rahisi kuliko zote: mwache mtu alie kweli, halafu mzungushie vitu vinavyomshusha.

Miaka mitano baadaye yule yule mwanamke analia tena, na Gillray anamvika utaifa. Habari za Trafalgar zilifika London tarehe 6 Novemba 1805. Mji ulifurahi ushindi na kulia kifo kwa wakati mmoja. Katika picha hiyo maandishi ya chini yanaieleza kuwa ni mchoro wa ukumbusho ambao jiji la London lilikusudia kumjengea Nelson, na yanautoa kwa heshima zote kwa meya na wazee wa jiji. Maandishi ni ya adabu kabisa. Malaika anapuliza tarumbeta, na neno lililoandikwa hapo ni kutokufa. Lakini aliyemkumbatia marehemu ni hawara yake katika mavazi ya taifa, na baharia mmoja pale amepewa sura ya mtoto wa mfalme, Duke wa Clarence. Mjane halali, Frances Nelson, hayumo. Aliyekuwa anajua alicheka kidogo kooni na kufuta machozi kwa leso ile ile. Hiyo ndiyo sababu ninakuonya usigawe picha hizi katika mafungu mawili, la kweli na la mzaha. Gillray aliuza vyote viwili kwenye karatasi moja.

Ukitaka kuona kinyume chake, ambacho ndicho aina ya pili, yaani msiba wa kweli wenye waombolezaji wa uongo, nenda nyuma hadi William Hogarth, picha ya sita na ya mwisho ya mfululizo wake wa 1732 juu ya msichana aliyetoka shamba akaishia ukahaba London. Kibao cha jeneza kinasema Hackabout, ndilo jina la msichana huyo, alifariki tarehe 2 Septemba 1731 akiwa na umri wa miaka 23. Jeneza limegeuzwa meza ya vinywaji. Kasisi ameketi karibu na msichana, mkono mmoja umepotelea chini ya gauni lake, na mkono wa pili unamwaga pombe bila yeye kujua. Mwenye kazi ya maziko anambembeleza msichana mwingine. Mwanamke mzee analia kwa makelele, chupa ya brandi iko pembeni yake. Mmoja anajitazama kwenye kioo. Mmoja tu ndiye anayechungulia ndani ya jeneza.

Chumba kizima kina leso, nguo nyeusi na vijiti vya rozmari ambavyo Waingereza wa wakati ule walibeba mazishini. Hata ngao ya ukoo imetundikwa ukutani. Kwa desturi yao nyumba ya mtu mkubwa aliyefiwa ilitundikwa ubao mweusi uliosimama kwa pembe moja, wenye alama za ukoo wake. Hogarth anampa kahaba ubao wake, ila alama zake ni bomba za mapipa ya pombe. Ukiwa na haraka utaupita.

Na mbele kabisa, chini ya jeneza, ameketi mtoto wa marehemu. Kavalishwa joho na kofia ya mfiwa mkuu. Hajui lolote, anaiviringisha kamba kwenye pia yake. Katika chumba kile kizima yeye ndiye asiyeigiza, na yeye ndiye asiyelia. Ningekuwa na nafasi ya kukuonyesha kibonzo kimoja tu cha msiba cha Kiingereza, ningekuonyesha hicho, na ningekuomba ufunike sehemu nyingine zote kwa kiganja ubaki na mtoto.

Kuna na aina ya tatu, nyepesi zaidi: maziko ya kitu. Mwaka 1765 bunge la Uingereza liliwatoza Wamarekani kodi ya stempu, na mwezi Machi 1766 likaifuta baada ya vurugu na hasara za biashara. Benjamin Wilson akachapa maandamano ya mazishi ya Bibi Stempu, aliyezaliwa 1765 na kufa 1766. George Grenville, waziri aliyeileta kodi ile, amebeba kijeneza cha mtoto mchanga. Lord Bute, waziri mkuu wa zamani, anafuata kama mfiwa mkuu, nyuma yake mabwana wengine, na mwishoni maaskofu wawili. Wanaelekea kwenye kaburi la ukoo ambamo kodi na sheria nyingine zilizochukiwa zimekwisha kuzikwa. Mbwa anamkojolea mguu kasisi anayesoma sala. Hapa waliofiwa wana huzuni ya kweli, ni sisi watazamaji tunaosherehekea. Kwa simulizi ya Wilson mwenyewe, aliiuza kwa shilingi moja, akapata pauni 100 kwa siku nne, na siku ya tano wezi wakaanza kuuza nakala kwa peni 6.

Wizi huo unanipeleka kwenye mambo matatu ya kiufundi yatakayokusaidia ukiwa mbele ya faili zako.

Soma mstari mdogo ulio chini kabisa. Sheria ya 1735, ambayo Hogarth aliihangaikia baada ya picha zake kuibwa ovyo, ilitaka kila sahani, yaani bamba la shaba la kuchapia picha, ibebe jina la mwenye haki na tarehe ya kutolewa. Ndiyo maana tunazijua tarehe za Gillray mpaka siku, na ndiyo maana jina la Hannah Humphrey, mama aliyekuwa na duka St James's Street na aliyechapa karibu kazi zake zote za miaka ya mwisho, liko kila mahali. Weka tarehe hiyo kando ya tarehe ya kifo au tukio. Ikitangulia kifo, huo si msiba ni uchuro. Rowlandson, mchora vibonzo wa enzi ya Gillray, alimchora mwana wa mfalme akivamia akiwa amelewa chumba cha baba yake mgonjwa mnamo Novemba 1788, na mfalme George wa Tatu akaishi mpaka 1820.

Jambo la pili, usiamini rangi. Sahani ya shaba ilipakwa nta, ikachorwa kwa sindano, tindikali ikala palipokwanguliwa, kisha ikachapwa kwa wino mweusi. Rangi zilipakwa baadaye kwa mkono na wafanyakazi, nakala moja moja. Mashavu mekundu ya Emma katika nakala yako huenda yakawa meupe katika nakala nyingine. Ukitaka kuamua kama mtu amevaa nyeusi ya msiba, tazama mistari, maana kitambaa cheusi Gillray angekijaza mikwaruzo iliyobanana.

La tatu: kinachochorwa kwenye sahani hutoka kimegeuka kama kwenye kioo. Mwizi aliyenakili picha iliyochapwa bila kuigeuza kwanza alipata picha iliyopinduka kushoto kulia. Ukikuta mazishi yanaelekea upande tofauti na ule wa nakala iliyoko makumbusho, umeshika mali ya wizi, na mara nyingi vile vitu vidogo vya sakafuni na ukutani ndivyo mwizi alivyovivuruga kwanza.

Sasa kanuni ya kuchora. Sina, ila nina zoezi. Chukua picha ya Dido uichore upya kwa penseli mara sita. Mara ya kwanza iache ilivyo. Ya pili, ondoa kitabu cha mapozi. Ya tatu, ondoa ile kamba ya soksi. Ya nne, mwondoe mume kitandani. Ya tano, punguza mwili. Ya sita, futa ubeti na merikebu, ubaki na mwanamke ameinuka kitandani mwake alfajiri, mikono hewani. Uso usiuguse hata mara moja. Waonyeshe watu wa nyumbani bila kuwaeleza neno, uandike ni kwenye mchoro wa ngapi walipoacha kucheka. Nitumie yote sita, hata ule ulioharibika.