Maswali na majibu: Mishale ya ukutani na skrini za zamu ya usiku

Safari hii nimechagua barua za wanaotengeneza skrini za kufuatilia usalama wa mitandao, maana zimejaa na nyingi zinaumwa ugonjwa uleule.

*Shikamoo. Bosi amenunua runinga kubwa ya ukutani na anataka ramani ya dunia yenye mishale ya mashambulizi inayoruka kila sekunde. Nianzie wapi? – Kijana wa TEHAMA, Dodoma*

Marahaba. Anzia kwa kumuuliza bosi: mshale ukitua Dodoma kutoka Brazil, mtu wa zamu afanye nini? Nimewauliza wengi swali hilo, na bado sijapata jibu.

Ramani hizi zilivuma sana miaka kumi na kitu iliyopita. Iliyosifika kuliko zote ilikuwa ya kampuni ya Marekani iitwayo Norse. Ilipendeza kweli, na kampuni yenyewe ilisambaratika mwanzoni mwa 2016. Mishale ile huonyesha kelele za kawaida za intaneti, mashine zinazobishabisha hodi kila mlango usiku na mchana. Anayekuja kukuibia hapigi kelele hivyo.

Halafu anwani ya IP, yaani namba ya mashine kwenye intaneti, si pasipoti. Mwizi hukodi seva nchi yoyote aitakayo. Isitoshe, hifadhidata za kutafsiri anwani kuwa mahali hubahatisha. Mwaka 2016 ilibainika kwamba kampuni ya MaxMind, isipojua anwani ya Marekani iko wapi hasa, ilikuwa ikiiweka katikati ya nchi, na kitone hicho kiliangukia shamba moja huko Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikawa "zinaishi" shambani. Wenye shamba walifuatwa na polisi kwa makosa ya watu wasiowajua, hadi kampuni ikakihamishia kitone majini.

Ukutani weka orodha fupi: seva zetu zipi zinaguswa sasa hivi, kuna aliyeingia au hakuna, na nani analishughulikia. Bosi akikataa kuachana na ramani, ipeleke mapokezi. Wageni wataifurahia wakisubiri chai.

*Chati duara ya 3D inafaa kuonyesha aina za mashambulizi? – Msomaji, Kisumu*

Haifai. Hata ile bapa haifai. Watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walishapima jambo hili 1984: jicho hulinganisha pau zilizosimama kwenye msingi mmoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe za vipande.

*Kibana au Grafana, ipi bora? – Wasomaji wanne, miji minne*

Zote mbili ni programu za kuchora skrini hizi, na swali hili limeshanichosha. Mnauliza sufuria ipi nzuri kabla hamjasema mnapika nini. Chukueni yoyote. Kabla ya kuifungua, andikeni kwenye karatasi maswali matatu ambayo mtu wa zamu anapaswa kuyajibu ndani ya dakika ya kwanza. Mkishindwa kuyaandika, hakuna programu itakayowaandikia.

*Sisi ni SACCOS. Kila mwisho wa mwezi skrini yote inageuka nyekundu na vijana wameanza kuipuuza. Nipandishe kiwango cha tahadhari? Chati yetu kuu ni ya akaunti 10 zenye makosa mengi ya nywila. – Moshi*

Usipandishe. Kiwango kinachovumilia msongamano wa tarehe 28, siku ya mishahara, kinamwachia mwizi uwanja mzima tarehe 12. Tatizo lako ni kulinganisha siku zisizolingana. Chora ukanda hafifu wa kijivu unaoonyesha hali ya kawaida ya siku kama hiyo, yaani siku ya mshahara kwa siku za mishahara zilizopita, Jumatatu kwa Jumatatu. Juu yake pitisha mstari wa leo. Mstari ukitoka nje ya ukanda, hata mgeni wa kazi ataona.

Vijana wako usiwalaumu. Mwaka 2013 duka la Target la Marekani liliibiwa taarifa za kadi zipatazo milioni 40, na mitambo yao ilikuwa imetoa tahadhari. Watu waliziona, zikapita bila kuchukuliwa hatua. Tahadhari ikilia kila siku bila sababu, inageuka adhana ya kijiji cha jirani: unaisikia, lakini huamki.

Sasa hiyo chati yako, ambayo hukuniuliza. Mwizi mwenye akili hajaribu nywila mia kwenye akaunti moja. Anachukua nywila moja nyepesi na kuijaribu kwa wanachama 400, kila mmoja mara moja. Kwenye orodha yako hatokei hata mmoja wao, kwa sababu kila akaunti ina kosa moja tu. Hesabu upande wa pili: kila chanzo kimegusa akaunti tofauti ngapi ndani ya saa moja? Pau moja itachomoza juu kama mnazi kwenye shamba la mihogo.

*Mwenzangu aliniachia ujumbe: "Angalia tukio la saa tatu." Nimepekua logi (kumbukumbu za matukio ya seva) sikuona kitu. – Zamu ya usiku, Mombasa*

Ulitazama 03:00, sivyo? Yeye alimaanisha saa tatu asubuhi, yaani 09:00, na seva zenu bila shaka huandika UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo tukio liko 06:00. Kwenye 03:00 ya UTC ulikuwa unapekua saa kumi na mbili alfajiri ya hapa. Mkiwa na tawi Bujumbura, wao wako nyuma yenu saa moja zaidi. Logi zibaki UTC, skrini ionyeshe saa ya hapa kwa tarakimu 24, na jina la ukanda liandikwe kando yake kila mahali. Kwenye makabidhiano ya zamu, "saa tatu" ipigwe marufuku.

*Skrini yetu imekuwa kijani miezi miwili mfululizo. Uongozi umefurahi sana. – Kampala*

Mimi ningeogopa. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, 2017: wavamizi walikaa ndani siku 76. Chombo cha kukagua mawasiliano yaliyofumbwa kilikuwa kipofu kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimeisha muda. Siku walipokihuisha, wakaona mara moja kitu kisicho cha kawaida. Kufikia hapo taarifa za watu zaidi ya milioni 140 zilikuwa zimeshaondoka.

Kijani chako kinaweza kumaanisha "salama" au "sisikii kitu", na skrini nyingi huyapaka hayo mawili rangi moja. Tengeneza hali ya tatu, kijivu chenye mistari, na mbele ya kila chanzo andika muda wa logi ya mwisho kupokelewa. Leo jioni zima chanzo kimoja kwa makusudi, uone itachukua muda gani kabla mtu hajashtuka. Usiwaambie.

*Mwenzetu mmoja hatofautishi nyekundu na kijani. Tumhamishie kitengo kingine? – Tanga*

Hameni ninyi. Ulaya kaskazini ni karibu mwanamume 1 kati ya 12. Huku kwetu ni wachache zaidi, ila wapo, na wengine hawajijui. Tumieni buluu na chungwa, na kila hali iwe na umbo na neno lake. Chapisheni skrini kwa wino mweusi mtupu. Kisichosomeka hapo kirekebishwe, kisha huyo mwenzenu ndiye awe wa kwanza kuijaribu.