Maswali ya Wasomaji: Mkono wa Mpiga Gitaa Unapogoma

Tunaandaa filamu ya kujitegemea kuhusu mpiga gitaa aliyepata ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili. Mwigizaji wetu hutetemesha mikono yote miwili kila anapoanza kupiga, na kila anayetazama mazoezi anasema haamini. Tunakosea wapi?

Mmeuweka mtetemo mahali pasipo pake. Mtetemo wa Parkinson ni wa mkono uliopumzika. Huanza upande mmoja kwa kawaida, na huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mkono ukinyanyuliwa ufanye kazi, mtetemo hupungua au hutoweka kwa muda. Basi mhusika wenu atetemeke akiwa amekaa nyuma ya jukwaa, mkono juu ya paja, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anaviringisha kidonge. Akilishika gitaa, mkono utulie.

Mtazamaji atadhani mambo yamekuwa mazuri. Mwacheni adhani hivyo, kwa sababu kinachomwibia mpiga gitaa riziki yake si mtetemo, ni uzito wa mwendo. Mkono wa kulia unaanza kwa mapigo mapana yanayofagia nyuzi zote sita. Baada ya mizunguko michache mapigo yanafifia, yanakuwa mafupi, mpaka kucha zinagusa nyuzi mbili tu. Yeye mwenyewe bado anaamini anapiga kama mwanzo. Ipigeni picha hiyo kwa shoti moja ya karibu isiyokatwa, hata ikichukua nusu dakika nzima. Mkiikatakata, kule kufifia hakutaonekana.

Kwa mazoezi ya mtetemo, wekeni metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye mapigo 150 kwa dakika, mwigizaji atikise mara mbili kwa kila pigo: hiyo ni 5 kwa sekunde. Akikaza misuli ya mkono mzima, mtikisiko utapanda hadi begani, utakuwa wa kasi mno, naye atachoka kabla ya teki ya tatu. Utoke kwenye vidole na kifundo, kiwiko kikiwa kimeegemezwa.

Kuna dalili nyingine zinazosema mengi bila neno lolote. Mkono mmoja haubembei anapotembea. Uso unapoteza mabadiliko yake, na sauti inashuka. Mwandiko nao hudogoka, kwa hiyo mkimwonyesha akiandika orodha ya nyimbo za usiku ule, mstari wa kwanza usomeke na wa mwisho uwe kama nyayo za sisimizi. Tena si kila mgonjwa hutetemeka. Mhusika asiyetetemeka kabisa ni chaguo halali.

Msiisahau dawa, kwani ndani yake mna hadithi. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, humrudishia mgonjwa wepesi, kisha nguvu yake huisha na mwili hugoma tena. Mlo wenye protini nyingi unaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri. Mwanamuziki anayehesabu saa ya kidonge dhidi ya saa ya kupanda jukwaani, na onyesho linacheleweshwa: hapo mna sini yenye mvutano wa kweli. Baada ya miaka ya matibabu wengine hupata miondoko ya kujipindapinda wasiyoitaka. Huo si mtetemo, usichanganywe nao.

Kwa kuwa hamtapiga picha kwa mfuatano wa hadithi, tengenezeni jedwali. Mbele ya kila sini andikeni hatua ya ugonjwa, mkono ulioathirika, na kama dawa inafanya kazi wakati huo. Ugonjwa ulioanza kulia ukionekana umehamia kushoto kwa sababu mtu alisahau, hakuna uhariri utakaouficha. Na waalikeni watu wanaoishi na ugonjwa huu watazame mazoezi, walipwe kama washauri wengine.

Mwigizaji wetu hajui gitaa. Tutamwonyeshaje akipiga?

Rekodini muziki kwanza, kwa mpigaji halisi, katika matoleo matatu: akiwa mzima, akianza kudhoofika, na akishindwa. Msichukue toleo moja mkalipunguza kasi kwa kompyuta. Udhaifu una makosa yake, na mashine haiyajui. Kila toleo lianze na mapigo 4 ya kuhesabia.

Mwigizaji ajifunze vipimo (baa) 8 tu vya wimbo, lakini avijue hadi usingizini, hasa mabadiliko ya mkono wa kushoto. Vingine vipigwe na mikono ya mpigaji halisi kwenye shoti za karibu. Linganisheni kucha, pete na shati. Wekeni kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, ili gitaa lisitoe sauti inayogongana na rekodi.

Spika iunganishwe kwa waya. Bluetooth ikichelewa sekunde 0.2, kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu 5, na vidole vitaonekana vikiukimbiza wimbo. Hakikisheni pia faili zote za sauti ni za 48,000 Hz, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa kila sekunde. Faili ya 44,100 ikichezwa kana kwamba ni ya 48,000 itakwenda kasi kwa karibu asilimia 9 na kupanda karibu nusutoni moja na nusu. Wahusika wakizungumza katikati ya muziki, zimeni wimbo na muwaachie dundo la chini la 40 Hz: wataendelea na mdundo, nalo litachujwa baadaye bila kugusa maneno.

Mhusika wangu ni mpiga ngoma anayepoteza usikivu. Je, nipunguze tu sauti?

Hapana. Usikivu ulioharibiwa na kelele huanza kupotea kwenye sauti za juu, hasa karibu na 4,000 Hz. Irabu hubaki, lakini s, f na sh hufifia. Anajua kwamba mtu anasema, asichojua ni nini kimesemwa: ameambiwa “shika” naye anasikia “fika”. Chuja sauti za juu hatua kwa hatua, uziache za chini zilivyo. Kisha kikombe kikidondoka, kimuumize; masikio ya namna hii hukosa sauti ndogo na huzidiwa na kubwa. Mlio wa masikioni utumie kwa sekunde chache, kabla mtazamaji hajaanza kuuzoea.

Wimbo tuutakao ulitungwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ni bure?

Utunzi ndiyo. Rekodi ni haki nyingine, na ya mwaka jana ina mwenyewe. Mpangilio mpya wa wimbo ule ule nao unaweza kuwa na haki zake. Pigeni wenyewe kutoka nota za zamani, na mpigaji wenu asaini karatasi ya ruhusa siku ile ile ya kurekodi.