Kardigani ya Mama Haina Patani

Juzi usiku dada mmoja wa Kisumu aliniandikia. Alikuwa ameiona picha ya mama yangu ndani ya kardigani ya rangi ya udongo niliyoimaliza mwezi Julai, akaomba: "Dada, nitumie patani, nitalipa." Nikamjibu kwamba patani, yaani karatasi ya maelekezo ya kufuma, haipo. Akanyamaza, kisha akauliza kama namnyima. Dada, sikunyimi. Ile kardigani ilifumwa juu ya mwili wa Mama, kuanzia shingoni kushuka, na vipimo vyake viko nyuma ya bahasha moja ya zamani hapa mezani kwangu. Wacha nikueleze ilivyokuwa, na wengine mnaopenda sindano kama mimi msikie.

Mwaka 2019 nilimfumia Mama kardigani ya kwanza. Mama anaishi Molo, na anayeijua Molo anaijua baridi yake. Kule ni karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hauondoki hadi saa nne asubuhi. Nilikwenda saiba hapa Nakuru nikachapisha patani nzuri, kurasa sita. Nikaifuata neno kwa neno. Mgongo peke yake, vipande viwili vya mbele, mikono miwili, kisha kushona yote pamoja. Miezi mitatu, kila usiku baada ya kazi.

Mama alipoivaa, mikono ilifunika vidole. Kifuani vifungo havikufika. Nyuma ilipanda juu kiunoni kana kwamba kuna mtu anaivuta, kwa sababu mgongo wa Mama umeinama kutokana na miaka ya kubeba kuni na viazi. Aliivaa kanisani siku moja tu, ameishika kwa mkono ili isifunguke, na akaniambia, "Asante mwanangu, ina joto." Hilo liliniuma kuliko kama angeikataa.

Nikaipeleka kwenye kikundi chetu cha kufuma nipate msaada. Aliyekuwa akituongoza akaiinua juu mbele ya akina mama wote akasema, "Huyu hajui hata kuhesabu." Wakacheka. Nilikuwa nimehesabu kila kitanzi! Nilirudi nyumbani na matatu ya saa kumi na mbili, nimeikumbatia ile sweta, na sikushika sindano kwa karibu mwaka mzima. Hadi leo nikilikumbuka neno hilo kifua kinabana.

Kosa halikuwa hesabu. Patani ile ilichorewa mwanamke mwenye kifua cha sentimita 92 na mgongo ulionyooka. Mama ana 104. Na ukifuma vipande vipande kutoka chini, hujui kama umekosea mpaka ushone, na wakati huo kazi imeshakwisha.

Kufuma kutoka juu kunaondoa shida hiyo, kwa sababu unamvalisha mtu sweta kabla haijaisha. Mkono wa sweta hii niliyoifuma huitwa raglani: mstari unatoka kwapani moja kwa moja hadi shingoni, hakuna mshono wa bega. Jina ni la Lord Raglan, jemadari wa Uingereza aliyepoteza mkono wa kulia kule Waterloo mwaka 1815. Na kardigani nayo ni jina la Earl of Cardigan, ambaye alipigana chini ya huyo huyo Raglan katika vita vya Crimea. Wanajeshi wawili wa vita vimoja wamekutana kwenye sweta ya mama wa Molo. Mimi jambo hilo hunifurahisha kila nikilifikiria.

Uzi wa kardigani hii ya pili niliupata kwa kufumua sweta mbili za kiume za mitumba, sufu tupu. Angalia kwanza mshono wa ubavuni: kama kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani, usinunue, utatoka vipande vifupi vifupi. Osha uzi uliofumuliwa kwa maji ya vuguvugu, uuning'inize ukiwa umefungwa mafungu, mikunjo itanyooka. Maji ya moto na kusugua vitaufanya ushikamane kama blanketi.

Kisha fuma kipande cha majaribio, ukioshe, kikauke, ndipo upime. Msiruke hapa. Changu kilinipa vitanzi 18 na mistari 24 kwa kila sentimita 10.

Nilianza na vitanzi 80 shingoni: mgongo 28, mikono 12 kila mmoja, mbele 14 kila upande. Katika mipaka minne kati ya sehemu hizo nilifunga vipande vya uzi mwekundu. Kila mstari wa pili unaongeza kitanzi kimoja kabla ya alama na kimoja baada yake, yaani vinane kwa mara moja. Kazi yote ya mabega ni hiyo. Kwa ajili ya mgongo wa Mama niliongeza mistari sita mifupi nyuma ya shingo, unafuma hadi katikati ya bega unageuka unarudi, ikaleta kama sentimita mbili na nusu za ziada nyuma peke yake. Patani gani ingeniambia hivyo?

Nilipofika mara ya 24 ya kuongeza nilikwenda Molo. Vitanzi vyote nikavihamishia kwenye uzi mrefu, nikamvalisha Mama jikoni karibu na moto. Mikono ilikuwa tayari inatosha, lakini kifua bado. Hapo ndipo wengi huharibu, wanaendelea kuongeza kila mahali na mikono inakuwa magunia. Mimi niliacha kuongeza mikononi, nikaongeza mwilini tu mara sita zaidi, vinne vinne. Mgongo ukafika vitanzi 88, mbele 44 kila upande. Nikatenga mikono, nikaongeza vitanzi 10 chini ya kila kwapa, jumla 196, sawa na sentimita 109, yaani kifua cha Mama na nafasi kidogo, na ukingo wa vifungo ukaongezwa mbele.

Mwili kushuka chini sina la kueleza, ni kufuma tu. Mikono nilivalisha mara mbili, na mara ya pili nikafumua sentimita saba bila kujuta, kwa sababu mikono ya Mama ni mifupi.

Dada zangu, fumueni. Tunaogopa kufumua kama vile tunabomoa nyumba. Uzi haupotei. Tumefundishwa kuamini karatasi kuliko mtu aliyesimama mbele yetu, na karatasi haijawahi kubeba kuni. Mvalishe mtu wako, mpime. Ukifuma tena kidogo, mvalishe tena. Na kama kuna anayekuongoza na anakucheka mbele ya watu, tafuta kikundi kingine. Mkono unaotetemeka kwa aibu haufumi sawa.

Mama aliivaa ile kardigani Jumapili ya kwanza ya Agosti. Alifunga vifungo vyote, akainama kuokota Biblia yake, na nyuma haikupanda. Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyegeuka akaniambia, "Hii umenipima mimi."

Kwa hiyo dada wa Kisumu, pesa yako kaa nayo. Nitumie kipimo cha shingo, kifua, na mkono sehemu ya juu iliyo nene, pamoja na vitanzi vya kipande chako kikishaoshwa. Tutaanza mabega Jumamosi.