Injini Niliing'oa kwa Siku Moja, Pengo Lake Nililiziba kwa Miezi Kumi na Moja

Injini ya gari langu ilitoka Jumamosi moja kabla ya jua kuzama. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, na winchi ya mnyororo tuliyoazima. Tulipoitua sakafuni tulipeana mikono kama watu waliomaliza kazi. Gari lenyewe lilikuja kutembea kwa umeme miezi kumi na moja baadaye.

Namwandikia mtu aliye pale nilipokuwa Jumamosi ile. Mota ya umeme si tatizo kubwa. Ina shafti, nyaya nene tatu na mahali pa kuifungia. Kazi iko kwenye vibarua vyote ambavyo injini ya petroli ilikuwa ikivifanya kimyakimya, nawe hukuwahi kuvihesabu kwa sababu haikuwahi kukudai malipo. Ilizungusha magurudumu, sawa, lakini pia ilivuta hewa kwenye busta ya breki (kile kinachoongezea nguvu mguu wako), ilichaji betri ya volti 12, kwa magari mengi ilizungusha pampu ya usukani, ilipasha joto ndani ya gari. Ukiing'oa, vyote hivyo vinabaki yatima siku hiyohiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua mota kabla ya kupiga hesabu. Niliona mota ya foklifti, ya brashi, bei nzuri, nikaibeba. Ikalala gereji miezi miwili, kisha nikagundua ni ndefu kuliko nafasi iliyokuwepo chini ya boneti. Isitoshe, nyingi za mota hizo za foklifti za zamani zina tabia moja mbaya: zikizunguka bila mzigo huzidi kuongeza kasi mpaka zijipasue zenyewe. Ukikanyaga klachi na mguu wa kulia umesahaulika chini, umeiua. Niliiuza, nikatafuta mota ya AC, yaani ya umeme unaogeuzageuza mwelekeo, yenye kontrola (kifaa kinachoongoza umeme unaoingia kwenye mota) inayoweza kuwekewa kikomo cha mizunguko.

Hesabu inaanza na umbali unaokwenda kwa siku, siyo nguvu za farasi. Gari dogo hula takribani wati-saa 150 kwa kilomita, na likikimbizwa barabara kuu hula zaidi. Betri yangu ina seli 36 za lithiamu-chuma-fosfeti, kila moja volti 3.2 na ampea-saa 280. Zidisha, utapata volti 115 na kilowati-saa 32, hizo uniti unazozisoma kwenye mita ya nyumbani. Ukitumia asilimia 80 tu ili seli zidumu, unabaki na kama 26, yaani kilomita 170 kwenye karatasi. Barabarani napata 150, na siku za upepo mkali hazifiki hizo.

Sasa linganisha. Lita moja ya petroli ina takribani kilowati-saa 9. Betri yangu nzima, seli zake pekee zikiwa na uzito wa kilo 195, imebeba nishati ya lita tatu na nusu za petroli! Kinachoniokoa ni kwamba mota hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa mzunguko, wakati injini niliyoitoa ilikuwa inapoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto. Lakini hesabu hiyo ikuingie akilini mapema: hapa huna akiba ya kufuja. Tairi lisilojaa upepo, breki inayoganda kidogo, mzigo unaozurura kwenye buti, vyote utaviona kwenye kilomita.

Kuna watakaokushauri uanze na betri za risasi kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ni kweli zilimvusha Camille Jenatzy kilomita 100 kwa saa mwaka 1899, mtu wa kwanza kufika kasi hiyo kwa gari, na gari lake lilikuwa la umeme. Ila yeye alikuwa anatafuta rekodi ya kilomita moja, hakuwa anakwenda kazini na kurudi. Kilo moja ya betri ya risasi hubeba wati-saa 30 hadi 40, seli zangu hubeba karibu 165. Kwa umbali uleule ningelazimika kubeba betri zenye uzito unaokaribia gari zima.

Kuhusu gari lenyewe, tafuta jepesi, la gia za mkono, la zamani kidogo, lisilo na kompyuta ya kulalamika kila sensa inapokosekana. Giaboksi ya otomatiki ni mzigo mwingine, kwa sababu nyingi hutegemea injini iendelee kuzunguka hata gari limesimama ili pampu ya oili ifanye kazi. Mota ya umeme, gari likisimama, nayo husimama. Kutu ikiwa imekula shasi, achana nalo.

Kabla hujagusa bolti ya kwanza, nenda ofisi inayosajili magari na kwa watu wa bima yako, uulize wanataka nini kwa gari lililobadilishwa mfumo wa nguvu. Majibu uyapate kwa maandishi. Mimi niliuliza kazi ikiwa katikati, nikalazimika kufungua sanduku la betri nililokwisha kulifunga ili mkaguzi aone lilivyoshikizwa kwenye shasi. Pima pia uzito wa mbele na wa nyuma gari likiwa bado zima, na kwa futi kamba pima urefu kutoka kitovu cha kila gurudumu mpaka ukingo wa bodi. Vipimo hivyo vitakusaidia mwishoni. Langu lilipokamilika lilikuwa limeinama nyuma sentimita nne, taa za mbele zinamulika matawi ya miti. Nikabadilisha springi.

Tangi la mafuta litoe mapema, ulitoe nje, na usichomelee chochote karibu nalo. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Nililolidharau kuliko yote ni bamba la kuunganisha mota na giaboksi. Nikilitazama niliona kipande cha alumini chenye matundu. Nililichora kwa mkono, nikatoboa mwenyewe kwa drili ya kusimama, likaingia, nikashangilia. Kwenye kilomita 60 kwa saa gari likaanza kutetemeka kama lina homa. Nililivumilia wiki tatu. Nilipofungua, meno ya katikati ya bamba la klachi yalikuwa yamelika upande mmoja. Shafti mbili zilikuwa zimepishana chini ya nusu milimita. Safari ya pili nilimpelekea fundi mwenye mashine ya kukereza, naye akanipa somo nililostahili: vitobo vya bolti havitoshi kuweka kitu katikati, lazima pini za kulenga zilezile zilizokuwa kati ya injini na giaboksi zitumike, na kazi ipimwe kwa saa ya kupimia, ile geji ya sindano inayoonyesha shafti imeyumba kiasi gani, ibaki ndani ya sehemu moja ya kumi ya milimita au chini yake. Mtetemo ukaisha. Ukiwa na pesa ya kumlipa mtu kwa kazi moja tu katika mradi huu, mlipe kwa hii.

Klachi niliibakiza. Wapo wanaoiondoa, na gari linatembea, lakini kubadilisha gia kunataka subira. Hata hivyo mimi huondoka na gia ya pili, nikiingiza ya tatu ndiyo nimefika. Ya kwanza sijaigusa tangu siku ya majaribio.

Tuje kwenye betri, ambako utani unaisha. Kanuni za magari ya umeme huhesabu chochote kinachozidi volti 60 za DC, umeme wa betri unaokwenda upande mmoja tu, kuwa volti ya juu, na seli huzimi kama unavyozima taa. Seli 36 zikishaunganishwa, ziko hai saa zote, hata gari likiwa halina funguo. Ndiyo maana nilizigawa mafungu mawili ya seli 18, mbele na pale tangi lilipokuwa, na katikati nikaweka plagi ya kuchomoa kwa mkono. Ikichomolewa, kila upande una karibu volti 58. Kazi zote za ndani nazifanya plagi ikiwa mfukoni mwangu. Siyo kwenye meza. Mfukoni.

Vua pete na saa. Spana zako zizungushie utepe wa umeme zibaki wazi mdomoni tu. Nilikuwa najua hilo, na bado siku moja spana namba 10 iliniponyoka ikalala juu ya vichwa viwili vya seli moja. Volti tatu tu! Lakini seli ya namna hiyo ikiunganishwa moja kwa moja hutema maelfu ya ampea. Spana ilinata, ikawa nyekundu, nikaipiga teke kwa buti. Kovu lake bado lipo kwenye seli namba 11.

Bolti za vichwa vya seli zikaze kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji, kwa kuwa alumini ile laini huliwa nyuzi kwa urahisi. Zikilegea nako ni balaa. Muungano wenye ukinzani wa miliomu moja tu, ukipitisha ampea 300, hutoa joto la wati 90 pale pale kwenye bolti. Ni pasi ndogo umeifungia ndani ya sanduku la betri. Mabamba ya shaba ya kuunganishia chagua yanayopindika, kwa sababu gari hutikisika na bamba gumu litahamishia kila mtikisiko kwenye kichwa cha seli. Kabla ya kuziunganisha mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine), ziunge zote sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) uzijaze polepole mpaka volti 3.65, zianze safari zikiwa sawa. Kisha ufunge mfumo wa kusimamia betri, ule unaoangalia kila seli na kukata umeme volti ya seli yoyote ikizidi au ikipungua mno. Usitembee hata mita kumi bila huo. Na ukiwa mahali pa baridi kali, usichaji seli hizi zikiwa chini ya nyuzi sifuri, zinaharibika kwa ndani bila kuonyesha dalili.

Fyuzi na swichi ziwe zimeandikwa volti za DC, tena zinazotosha. Umeme wa AC hupita sifuri mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo cheche hupata nafasi ya kufa. Wa DC haupiti, na swichi ya ukutani itawaka moto badala ya kuukata.

Kontakta zangu za kwanza, zile swichi nzito zinazounga na kukata umeme wa betri, niliziua kwa haraka zangu. Ndani ya kontrola kuna kapasita kubwa, na ukizigonganisha ghafla na betri huvuta umeme kwa pupa. Ndiyo sababu huwekwa rezista ya kuzijaza taratibu kwa sekunde chache kabla kontakta kuu haijafunga. Mimi nilisema nitaiweka kesho. Kontakta ikalia "ta!", ikanata, gari likakataa kuzimika. Hapo ndipo niliposhukuru ile plagi. Ukizima, nako subiri dakika kadhaa na upime kwa mita kabla ya kugusa waya, maana kapasita hukaa na chaji yake.

Breki. Busta hufanya kazi kwa ombwe lililokuwa likitoka kwenye injini. Siku ya jaribio uani, kanyagio la kwanza lilikuwa laini, la pili gumu kidogo, la tatu kama nakanyaga jiwe. Nilikuwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, ukuta ukanisaidia. Nikafunga pampu ya ombwe ya umeme, tangi dogo la akiba, na swichi inayoiwasha ombwe likipungua, pamoja na king'ora likipotea kabisa. Pampu ina kelele, na kwa kuwa injini haipo utaisikia kila mara. Niliifunga juu ya vipande vya mpira, ikatulia.

Alteneta nafasi yake ilichukuliwa na kigeuzi cha kushusha volti 115 kuwa 12. Kisipewe hadhi ya kifaa kidogo: kikifa, taa, waipa na hata kontakta zenyewe zinafuata. Usukani wangu hauna pampu, bahati tupu. Joto la ndani linatoka kwenye hita ya kauri, na usipoiweka utalia siku ya mvua kioo kikijaa ukungu.

Nikianza upya leo ningenunua gari zima la umeme lililopata ajali badala ya kuokota kipande hapa na kipande pale. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, zina mota ya kilowati 80, chaja na inveta (kigeuzi cha DC ya betri kuwa AC ya mota) vinavyojuana tayari. Ila inveta yake husubiri amri kutoka kwa kompyuta za gari, kwa hiyo utahitaji bodi ya kuzungumza nayo, na betri yake ni ya volti 360 hivi. Kwa volti hizo, kosa la spana lisingeniachia kovu kwenye seli tu. Betri ya mtumba nayo ipime moduli moja moja kabla ya kulipa, usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Halafu usiamini volti kukuambia chaji iliyobaki. Seli za aina hii hushikilia volti karibu ileile tangu zikiwa karibu kujaa hadi zinapokaribia kuisha, kisha huanguka. Niliachwa njiani mwezi wa kwanza nikiwa nimetazama mita inayosema mambo mazuri. Weka kihesabu cha ampea-saa zinazotoka na kuingia.

Geji ya mafuta sijaigusa bado. Boya lake liliondoka na tangi, kwa hiyo sindano imelala kwenye sifuri na taa ya njano inawaka muda wote. Kuna kifaa cha kuiunganisha na hicho kihesabu, nimekwisha kukinunua, kiko kwenye droo. Kwa sasa taa nimeibandika kipande cha utepe mweusi, na kila abiria mgeni akiiona sindano huniuliza kama tutafika.