Kwa mnaoanza kushona picha za vitambaa: niliyojifunza Mikindani

Khanga ya kwanza niliyoikata ili niifanye picha ilikuwa ya marehemu bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku, nyekundu iliyopauka ikawa rangi ya tofali la kuchoma, na mimi siku ile niliona rangi tu. Nikachukua mkasi, nikatenga pindo, nikatenga mji, yaani sehemu ya katikati, maneno nikayakata vipande vitatu. Mama mkubwa alipokuja Mikindani kutoka Lindi aliikuta kazi yenyewe ukutani. Hakugomba. Aliushika ule upande wenye maneno yaliyokatika, akasema, "Hii si ndiyo aliyojifunga siku ya kumtoa nje kaka yako?" Kisha akaomba maji ya kunywa. Ndiyo maana mtu akija kwangu kutaka kujifunza kushona picha za vitambaa, naanzia hapo, kabla ya sindano na kabla ya cherehani.

Mdogo wangu, huku kwetu nguo ina mwenyewe hata kama mwenyewe ameshafariki. Khanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, na mara nyingi vipande hivyo hutengana: kimoja kinabaki kwa mnunuzi, kingine anapewa shoga, dada au wifi. Ile unayoiona imekunjwa sandukuni huenda ina pacha wake Newala au Dar es Salaam, kwa mtu anayekumbuka vizuri siku iliponunuliwa. Uliza ilinunuliwa na nani na kwa shughuli gani. Uliza kipande cha pili kiko wapi. Ukiambiwa isikatwe, isikatwe. Bado unaweza kuitumia nzima: itandaze iwe mgongo wa kazi yako, uishikize kwa mkono na mishono mirefu, ili siku ikitakiwa ifumuliwe irudi kwa wenyewe.

Ukiruhusiwa kukata, soma kwanza. Jina la khanga, yaani yale maneno, liko sehemu ya chini ya mji, na mkasi unaweza kuyageuza. Khanga iliyoandikwa "Sina chuki na jirani" ukiiondolea neno la kwanza umebakiza "chuki na jirani", na hiyo ndiyo utakayoitundika sebuleni. Mimi siku hizi maneno siyagawi. Nayatoa yakiwa ukanda mmoja, hata kama ukanda huo unanipotezea kitambaa kingi.

Utakutana na watu watakaokwambia nguo ya viraka ni ya dhiki, au kwamba kuunga vipande tumeiga kwa Wazungu. Usibishane nao, ila wewe mwenyewe ujue. Historia ya khanga, kama inavyosimuliwa pwani, inaanzia kwenye kuunga: karne ya 19 wanawake walinunua leso za mraba zilizotiwa chapa, sita zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata safu mbili za tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu zikawa nguo moja ya kujifunga. Mombasa mpaka leo khanga wanaiita leso. Na mkeka je? Ni ukili mrefu uliosukwa kwa ukindu au miyaa, kisha ukaungwa ukingo kwa ukingo. Kama uliwahi kumtazama bibi akishona ukili, akirudi nyuma kuhakikisha rangi ya mstari huu inakutana na rangi ya mstari ule, somo la kwanza la kazi hii umeshalipata.

Vitambaa usivinunue mwanzoni. Nenda kwa mafundi cherehani wa sokoni, salimia, omba vipande vinavyobaki chini ya meza. Wengi watakupa bure mara ya kwanza. Mara ya pili nenda na kitu mkononi. Magunia ya korosho yaliyochakaa nayo yanafaa sana. Uzi wake mnene ukiufumua unapata nyasi, makuti, nyavu, chochote kinachotaka ukali kidogo pembeni mwa khanga laini.

Fua kila kitu kabla ya kukata. Narudia hili kwa sababu kila anayeanza hulipuuza, na mimi nililipuuza. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, husinyaa ikifuliwa, na nyekundu yake huchuja. Niliwahi kuiunga nyekundu mpya na merikani nyeupe, nikashona miezi miwili, nilipoifua bahari yote ikawa ya pinki. Nililia. Kwa hiyo loweka kila rangi peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha bonyeza juu yake kitambaa cheupe kilicholowa uone kama kinachukua rangi. Anika kivulini. Kama hujui kitambaa ni pamba au ni poliesta, chomoa nyuzi mbili uziunguze mbali na kazi: pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jua hilo kabla pasi ya mkaa haijakufundisha.

Rangi nyingine tunayo wenyewe. Aliyekulia Mtwara au Lindi anajua doa la bibo kwenye shati la shule, jinsi linavyogeuka kahawia na kukataa sabuni zote. Basi msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, mimi hukamua maji ya mabibo kwa makusudi juu ya merikani iliyofuliwa, naiacha siku kadhaa, halafu nafua. Nimepata kahawia za udongo, za ngozi, za milango ya zamani, ambazo sijaziona dukani. Lakini ganda la korosho kaa nalo mbali. Mafuta yake huunguza ngozi, na mikono ndiyo mtaji wako.

Kazi yenyewe ina matabaka matatu: uso wenye picha, kitu laini katikati, na mgongo. Ndiyo muundo wa lile tandiko ambalo Kiswahili cha zamani kinaliita mfarishi, ila letu linakwenda ukutani. Katikati wengine hutia sufi. Sufi ni nzuri kwenye mto; kwenye kazi ya kutundika inateremka na kujikusanya vitonge chini. Blanketi jepesi lililozeeka linatulia zaidi. Tandaza mgongo sakafuni uso ukiwa chini, weka blanketi, weka picha juu, kisha upige bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, mikunjo yote utaisukumia katikati, na hapo hakuna pa kuitolea.

Cherehani ya miguu inatosha, na umeme ukikatika haikusubirishi. Lakini mishono inayoonekana juu ya uso mimi naipiga kwa mkono, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu. Mishono ile si pambo la mwishoni. Ndiyo inayoshika matabaka yasihame, na ndiyo inayolifanya jicho litembee. Kipande cha bluu peke yake ni kipande cha bluu. Kipitishie mistari ya uzi iliyolala pamoja upande mmoja, ni maji siku ya kusi. Ipinde mistari hiyohiyo kuzunguka jiwe, ni maji kupwa. Mistari yangu mingi nimejifunza kwa kutazama nembo, zile chale kwenye nyuso za wazee wa Kimakonde: pembe zinazofuatana, mstari juu ya mstari, kila mmoja ukiheshimu nafasi ya mwenzake. Kaa na mzee, mwombe ruhusa, mchoro uchore kwenye gazeti kabla ya kwenda kwenye kitambaa. Vaa subana kidoleni. Na pini usiziache ndani ya kazi msimu wa mvua, chumvi ya bahari inazila, na kidoa cha kutu hakitoki.

Sasa, ushone nini? Mwaka wangu wa pili nilitaka kushona Mikindani nzima: ghuba, minazi, mashua, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 pale juu, nyumba za mawe, watu. Kitambaa kilikuwa karibu mita 2. Nilikiacha baada ya miezi minne, kwa sababu kila kitu kilikuwemo na hapakuwa na ninachokisema. Kisha nikashona mlango mmoja. Mlango ambao kila siku nikitoka dukani mama mmoja alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha, na alipohama mlango ukabaki umefungwa. Kazi ile ilikuwa na upana wa sentimita 40 tu, khanga mbili na gunia, na watu walisimama mbele yake. Anza na sentimita 40. Anza na kitu unachoweza kwenda kukitazama tena kesho kwa miguu.

Yapo ambayo hayashonwi ili yaonyeshwe. Mambo ya unyago, mizungu uliyofundishwa ndani, hayo yana mahali pake na walinzi wake. Nimeona kazi nzuri ya msichana mmoja ikiondolewa ukutani na makungwi, na walikuwa na haki. Ukitaka kueleza ulivyotoka ndani ukiwa mtu mwingine, shona ile khanga mpya uliyovalishwa, shona mikono iliyokushika. Anayejua ataelewa. Vivyo hivyo vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa usoni kwenye ngoma za Kimakonde: uliza wenyewe kwanza.

Kuonyesha kazi kunawatisha wengi kuliko kuishona. Onyesha watu kabla ya simu. Itundike uani alasiri, jirani zako wakisuka nywele au wakichambua dagaa, unyamaze. Utasikia wanachokiona, na mara nyingi si ulichodhani umekishona. Mtoto mmoja aliona mazishi mahali nilipodhani nimeshona harusi, nikarudi nikagundua watu wote nimewageuza nyuso upande mmoja. Ungeipeleka mtandaoni kwanza, ungepata alama za moyo na usingejua.

Picha ya simu ipige asubuhi, kazi ikiwa kivulini, simu ikiwa usawa wa katikati ya kitambaa ili kingo zisipinde. Piga nyingine ya karibu inayoonyesha mishono, na mgongo pia. Usiogope mgongo wako kuonekana. Kuhusu bei nina neno moja: kazi uliyoitengeneza kwa ajili ya msiba wako au mtoto wako huna lazima ya kuiuza hata wakikuuliza mara tatu. Sema haiuzwi.

Nyuma ya kila kazi, kwenye kona ya chini, darizi jina lako, mahali na mwaka. Kisha andika pembeni kwenye daftari kitambaa kipi kilitoka kwa nani na picha inasema nini. Marekani alikuwako mwanamke wa Georgia, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837, ambaye alibandika watu, wanyama na nyota zinazoanguka kwenye mifarishi yake. Mmoja, wa visa vya Biblia, aliuuza dola 5 kwa sababu ya shida, akawa anarudi kuutazama nyumbani kwa aliyeununua. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian, na mwingine uko katika makumbusho ya Boston. Ni hiyo miwili tu inayojulikana kuwa imesalia. Tunajua kila mraba unasema nini kwa sababu alimweleza mnunuzi picha kwa picha, na yule akaandika. Wewe usingoje mnunuzi. Andika mwenyewe, kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao kama ndicho ulichosimuliwa nacho.

Ya kutundika, shonea mfuko mwembamba nyuma kwa juu upitishe ufito wa mwanzi. Misumari inachana kitambaa. Isikae mahali jua linapopiga. Ukiihifadhi, iviringishe, usiikunje, na kila mvua zikiisha itoe upepo uipate.

Mwaka juzi mama mkubwa alikuja tena, na mfuko mdogo mkononi. Ndani mlikuwa na kipande cha pili cha ile doti ya bibi, chekundu bado, maneno yote yako mahali pake. Miaka yote hiyo sikujua kwamba kiko kwake. Alisema, "Hii iweke na mwenzake." Nimekifua, nimekianika kivulini, na sasa nakishikiza nyuma ya kazi ile ya kwanza, kikiwa kizima, ili atakayeigeuza ayasome maneno ambayo upande wa mbele niliyakata. Katikati nimeshapiga bandi. Zimebaki pembe mbili.