Presha ya mafuta haishuki kwenye DX iliyopandishwa 4A-GE

Ndugu, umeeleza kwamba DX yako, Toyota Corolla ya KE70, imetolewa injini ya kabureta ikawekwa 4A-GE, injini ya Toyota ya injeksheni. Pampu ya petroli ni ya lita 255 kwa saa, na hata ukilegeza skrubu ya regyuleta (kifaa cha kupimia presha ya petroli) mpaka mwisho geji inagoma kwenye bar 4.2. Moshi mweusi, plagi zimelowa. Usinunue regyuleta nyingine kwanza. Geji ikigoma hivyo, mara nyingi mafuta hayapati njia ya kurudi kwenye tangi.

Regyuleta haitengenezi presha. Pampu ndiyo inayosukuma. Regyuleta huachilia ziada irudi. Sasa paipu ya kurudi ya gari la kabureta ni nyembamba, iliwekewa pampu ambayo presha yake haifiki hata nusu bar. Ukiipitishia mafuta ya pampu kubwa kiasi hicho, paipu yenyewe inabana, na skrubu haina la kufanya. Halafu hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa hula paipu za chini ya gari. Kutu ya ndani huiziba hata ile nafasi ndogo iliyokuwepo.

Kuhakikisha ni rahisi. Vua mpira wa kurudi kwenye regyuleta, weka mwingine mpana unaomwaga ndani ya dumu la chuma, kisha washa pampu sekunde chache injini ikiwa imezimwa. Fanya nje, injini ikiwa baridi, kizima moto karibu. Presha ikishuka na skrubu ikaanza kuitikia, tatizo ni paipu ya kurudi. Isiposhuka, tazama kama milango ya kuingia na kutoka ya regyuleta imegeuzwa, au kama ile regyuleta ya Toyota bado iko kwenye ncha ya reli ya nozeli, yaani bomba linalogawa petroli kwa nozeli zinazoipuliza kwenye injini. Lazima itolewe. Zikifuatana mbili, hutashuka chini ya ile iliyokaza zaidi.

Tiba ni paipu ya kurudi ya milimita 8 mpaka kwenye tangi, bila kona kali. Lakini mimi ningebadilisha na pampu pia. 4A-GE ya kawaida, hata ikikanyagwa mpaka chini, inakula lita arubaini na kitu kwa saa, kwa hiyo pampu ya lita 90 hadi 100 inatosha. Ziada yote ya pampu kubwa hupita kwenye joto la injini na kurudi tangini ikiwa moto. Msimu wa kaskazi, ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni na tangi limebaki robo, mafuta hayo huanza kutoa mvuke na presha inayumba. Ndiyo maana pampu ya nje iwe karibu na tangi, chini ya usawa wake: pampu hizi husukuma vizuri lakini huvuta vibaya.

Baada ya hapo ndipo useti. Chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regyuleta, ziba upande wa manifoldi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye injini, washa injini iungurume taratibu. Legeza nati ya kufunga, zungusha skrubu robo robo: kuingiza hupandisha, kutoa hushusha. Iweke kati ya bar 2.7 na 3.0, kaza nati, soma geji tena kwa sababu kukaza huisogeza. Rudisha mpira wa vakyumu. Presha ishuke mpaka kati ya 2.1 na 2.5. Isiposhuka, mpira umepasuka au umeunganishwa mahali pasipo na vakyumu. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, kiwambo cha regyuleta kimechanika.

Namba hizo si za kukisia. Mafuta yanayopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo bar 4.2 badala ya 3 humwaga karibu asilimia 18 zaidi, na kompyuta ya injini haijui.

Atakayesoma hapa akiwa na 1NZ-FE au 1ZZ-FE, injini mpya zaidi za Toyota, asifuate hatua ya vakyumu. Injini hizo hazina paipu ya kurudi kutoka kwenye reli. Regyuleta imo ndani ya tangi, presha ni bar 3.04 hadi 3.43 wakati wote, na kompyuta imepangwa hivyo. Ukiweka regyuleta ya nje, acha tundu lake la vakyumu wazi.

Mwisho, zima injini utazame geji dakika tano. Isishuke chini ya bar 1.5. Ikianguka, washa tena, uzime, na papo hapo ubane mpira wa kurudi: ikishika sasa, regyuleta inavuja, ikiendelea kushuka, ni vali ya pampu au nozeli. Mipira yote iwe ya injeksheni, iliyoandikwa SAE J30R9, na kilipu zisizo na matundu, maana zile za matundu hukata mpira. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji usiitumie popote kwenye njia hii. Kipande kidogo tu kikikwama kwenye vali ya regyuleta, presha haitatulia.